Kamera, Lili na Bibi Mshonaji

Jumatatu, 3 Machi

Naiomba radhi shajara hii mpya kwa mwandiko. Meza inayumba.

Habari kubwa, wala si njema. Mkaguzi, jirani yangu wa kulia, aliyestaafu ukaguzi wa mizani na vipimo, amemposa Bibi Mshonaji wa nyumba ya mbele. Amenieleza mwenyewe, akiwa ameegemea ukuta wangu na kumenya chungwa. Alisema mambo hayo hayataki kuzungukwa. Alibisha hodi, akaketi, akaposa. Jibu atapewa Jumapili, baada ya ibada. Nilimpongeza. Nilimpa hata mkono, nikarudi nao ukinata.

Ukweli, ambao nauandika hapa tu: nia hiyo ilikuwa yangu. Ninayo tangu Bibi Mshonaji aliponigeuzia kola ya shati, akasema bado lina maisha marefu. Hadi leo sijui kama alikuwa akisema shati. Sijamtamkia neno. Pale misheni tulifundishwa kwamba muungwana hatoi haja yake kabla ya kutoa ushahidi wa uthabiti wake. Au pengine lilikuwa somo la kunawa mikono. Ni zamani.

Uniwie radhi, marehemu mke wangu. Wewe mwenyewe uliniasa nisizeeke nikila mkate wa jana nimesimama jikoni.

Hila ninayo! Bibi Mshonaji ana lili katika chungu, barazani. Aliwahi kulalamika kwamba miaka yote hajapata kuliona ua likifunguka: akiinamia cherehani ni tumba, akiinua kichwa ni ua. Basi nitamwonyesha. Mkwe wangu ameniachia kamera yake kubwa, ile ya kubadilishwa lenzi. Binti yangu amenifafanulia kwa simu: kamera hujipigia picha moja moja kwa vipindi, mchana kutwa; kisha picha huunganishwa, na mchana wote hupita kwa kitambo cha kupiga chafya. Jumapili Bibi ataliona ua likifunguka, nami papo hapo nitasema neno langu. Mkaguzi hana kamera!

Jumanne, 4 Machi

Nilimwomba Bibi Mshonaji ruhusa kwa maneno niliyoyatunga tangu alfajiri. Aliniacha nifike mwisho, kisha akasema kamera si mbuzi, haitalila ua, niiweke tu.

Sina stendi ya kusimamishia kamera. Niliiweka juu ya kamusi, kamusi juu ya kitabu cha nyimbo, kitabu juu ya stuli. Lori la mchanga likapita. Matokeo: nusu ya kwanza lili, nusu ya pili dari. Dari haikufunguka.

Mkaguzi alipita akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza mkaa: “Mzee Samahani, unalipiga picha ua au unaliposa?” Ndilo jina nililopewa mtaani, sijui kwa nini. Nilimwomba msamaha.

Jioni nilikwenda kwa mpiga picha wa studio ya pale kona. Kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo na kiti. Akaniazima stendi ya miguu mitatu na mafunzo: mwanga niupange kwa mkono, nisiiachie kamera iamue, kwani kila wingu likipita itabadili mawazo na filamu itapepesa kama taa mbovu. Lenzi niilenge kwa mkono vilevile. Betri ijae. Kadi ya picha iwe tupu. La mwisho alilirudia: “Mzee wangu, ukishaiwasha, ondoka. Usikae karibu nayo.”

Yote nimeyapokea, isipokuwa hilo la mwisho. Kumwachia mwanamke mashine barazani pake na kujiendea zangu! Huyo kijana hakusoma misheni.

Jumatano, 5 Machi

Betri tele. Stendi imara. Mwanga kwa mkono, lenzi kwa mkono. Kamera ikaanza: cha! Kimya. Cha! Niliketi kando yake kama mgonjwa mwenye matumaini.

Kabla jua halijafika utosini ikanyamaza. Kadi imejaa! Ilikuwa na picha za mkwe wangu: harusi za watu, tairi la gari, samaki mmoja aliyepigwa kutoka kila upande. Kufuta mali ya mtu bila idhini ni wizi. Nilimpigia simu. Yumo mkutanoni. Nikamwandikia ujumbe wa heshima, kuanzia salamu za familia na hali ya hewa. Alijibu jioni: “Futa tu baba.” Samaki nimemwacha. Yaonekana alikuwa na maana kwake.

Filamu ninayo hata hivyo. Yaonyesha tumba lisilofanya lolote. Nimeitazama mara kadhaa. Lina staha sana.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi amehamia barazani! Amekuja na tikitimaji kubwa, akakivuta kiti cha wateja, akaketi mbele ya lenzi hasa. Nilimwomba kwa upole asogee. Alisogea, akakisogeza na chungu, akisema kilikuwa hakijakaa sawa. Macho yake, alisema, hayajapata kudanganywa na mlalo. Lili yote nje ya picha! Bibi Mshonaji alikata tikitimaji, akatugawia sawasawa kama watoto wa shule.

Hapo nilitenda jambo ambalo nalijutia kwa dhati. Nilimwambia Mkaguzi kuwa nimesikia minong'ono juu ya mizani ya muuza mkaa. Alisimama kama aliyechomwa sindano. Akaenda, kipande cha tikitimaji mkononi. Mchana wote wangu! Nilikirudisha chungu, nikaanza upya.

Adhabu haikukawia. Mizani ya muuza mkaa ilikuwa mbovu kweli. Jioni mtaa mzima ulikuwa ukimsifu Mkaguzi, akina mama wakimwita mkombozi wa wapishi. Bibi Mshonaji alisema mbele yangu kwamba si haba. Nitalala na njaa kwa hiari yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumba limevimba na kuonyesha mstari mweupe. Bibi Mshonaji, sindano mdomoni, alisema litafunguka kesho. Kisha akaitoa sindano akaniuliza kwa nini najitaabisha hivi kwa ajili ya ua moja. Swali la wazi kabisa! Nilimjibu kwamba ni kwa sababu ya mwanga wa asubuhi, ambao huingia barazani kwa ulalo mzuri. Nilimfafanulia kwa kirefu. Alirudi kwenye cherehani, akashona kwa kasi zaidi kidogo kuliko kawaida.

Nilijizuia vizuri. Ushahidi kwanza, neno baadaye.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe! Suti ya kijivu. Kofia. Kamera ikaanza kupiga mapema, nami nikaketi kitini, wima, tayari kuilinda na mbuzi, lori na Mkaguzi.

Baraza la mshonaji siku ya Jumamosi ni kama stesheni. Alikuja mama wa bibi harusi kuchukua gauni. Nikasimama, nikavua kofia, nikainama, nikauliza habari za nyumbani. Akaja mke wa mchungaji. Nikasimama, kofia, nikainama. Mhudumu wa posta. Wanakwaya na vitambaa vyao, kila mmoja na salamu yake. Muuza mkaa naye alikuja, akinitazama kwa jicho baya. Huyo nilimwinamia zaidi. Sikumkosea adabu hata mtu mmoja. Misheni ingejivunia.

Alasiri nikageuka: ua limefunguka! Jeupe, kubwa, kama sahani ya wageni. Nakiri sikuliona likifunguka. Nilikuwa nikimsalimu mtu. Lakini kamera imeliona, na hilo ndilo la msingi.

Kijana wa studio ameziunganisha picha na kuniwekea kwenye kompyuta yangu ndogo. Alitaka kunionyesha kwanza. Alikuwa akijiuma midomo, maskini, bila shaka kwa kuguswa. Nilikataa. Ua ni la Bibi Mshonaji. Si adabu niwe wa kwanza kuliona.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilimwona Mkaguzi langoni akizungumza na Bibi Mshonaji. Akaondoka upesi bila kunisalimu. Nilikwenda barazani na kompyuta kwapani.

Nilifungua filamu. Tumba. Halafu suruali yangu. Upande wa nyuma. Nikainuka, nikainama, nikaketi, nikainuka, nikainama, kama mjusi ukutani, mchana kutwa, mbele ya lenzi kabisa. Nilipoketi mara ya mwisho, ua lilikwisha kufunguka.

Bibi Mshonaji alicheka hadi akalishika gurudumu la cherehani asianguke. Akaomba aione tena. Na tena! Alipofuta machozi alisema amemkatalia Mkaguzi. Yule bwana, alipokuja kuposa, alipima mlango wake kwa futi ili ajue kama kabati lake litapita. Kisha akasema kwamba katika filamu hii amemwona mtu asiyempita hata muuza mkaa bila kumvulia kofia, na mtu wa namna hiyo haogopwi kukaribishwa ndani.

Akauliza kama ninalo neno la kusema.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema ninalo. Nikamwomba radhi kwa ile suruali, na nikamsihi anipe nafasi ya kulirudia zoezi lote kwa tumba jingine lililobaki chunguni.

Akauliza tena kama hilo ndilo neno lenyewe. Nilimhakikishia kwamba ndilo. Alishusha pumzi, akasema haya, tumba lipo, na baraza lipo, na yeye yupo, ingawa hakuna kati ya vitatu hivyo kitakachodumu milele. Pia niilete ile suruali. Mshono wa nyuma umeachia. Umeonekana kwenye filamu.

Kwa ujumla, siku ya mafanikio. Yaonekana upigaji picha umemvutia sana. Safari hii nitavaa suruali nyeusi, nisionekane, na kofia ya ukingo mwembamba. Filamu ikitoka safi, nitasema neno langu pasipo kukawia.

Namhurumia Mkaguzi kwa dhati. Lakini ndugu yangu, mtu anamwendeaje mwanamke kwa jambo zito kama hilo bila hata stendi ya miguu mitatu?