Matumbawe ya Mme Motlalepula

Phineas Mahlatsi hakumwona mwanamke kwanza. Aliliona toroli. Ndani yake mlikuwa na ndoo tatu za chumvi ya bahari, pampu ndani ya boksi lake, taa ndani ya boksi lake, na risiti ndefu iliyoburuzika sakafuni kama shela la bibi harusi. Duka lile la samaki wa mapambo pale Boksburg lina wateja wa kila aina, lakini anayenunua vitu vyote siku moja ni wa aina moja tu: hajui lolote, na pesa anazo.

Phineas akaiweka sawa tai yake.

"Samahani, mama. Tangi lako la ukubwa gani?"

"Lita mia nne. Wewe ni wa hapa dukani?"

"Hapana. Mimi ni daktari wa matumbawe."

Haukuwa uongo mtupu. Daktari huhudumia wagonjwa, na Phineas alikuwa na wagonjwa kila wiki. Tofauti ni kwamba yeye ndiye aliyewatia ugonjwa. Kwao ni Seshego, mbali kabisa na pwani. Bahari alishaiona mara mbili, na mara zote mbili aliikuta baridi.

Mwanamke alikuwa Mme Motlalepula Mokhothu ("Mme" ni "mama" kwa Kisotho), mjane, mwenye nyumba ya mazishi kule Vosloorus. Tangi alikuwa amelisimika mapokezi.

"Watu wanakuja kuchagua jeneza," alieleza, "wanakaa wanaangalia ukuta. Ukuta una nini cha kumwambia mfiwa?"

"Hauna kitu, mama. Na samaki peke yao hawatoshi. Mfiwa anataka rangi."

Alhamisi akamletea rangi. Vipandikizi tisa vya matumbawe, kila kimoja kimekatwa kutoka kwenye tumbawe mama na kugandishwa kwa gundi juu ya kigae kidogo kama kifungo cha koti. Vingine vilikuwa kijani, vingine zambarau, kimoja rangi ya chungwa.

"Maji yana siku tano tu," Mme Motlalepula alisema. "Si mapema?"

"Siku tano! Mama, mimi naweka hata siku ya tatu."

Hapo ndipo ilipokuwa riziki yake. Tangi jipya la maji ya chumvi, hata yawe maangavu vipi, huwa na sumu isiyoonekana kwa wiki sita hivi, mpaka vijidudu vya kuila vizaliane kwenye mawe. Phineas alilijua hilo vizuri kuliko jina la baba yake mkubwa. Kipandikizi kikitiwa mapema hunyauka siku ya nne. Mteja hulia kwenye simu. Daktari huja na koti jeupe, hutikisa kichwa, hukipeleka "hospitali", yaani gereji yake ya Germiston yenye tangi lililokomaa, na huko kikachanua tena ndani ya wiki mbili. Kisha huuzwa kwa mwingine. Kipandikizi kimoja cha kijani kilikuwa kimekwisha kuuzwa mara saba, na kilikuwa na afya kumshinda Phineas mwenyewe.

Siku ya nne Mme Motlalepula alipiga simu. Daktari akaja, akatikisa kichwa, akachukua malipo ya matibabu, akaondoka na vyote tisa. Baada ya wiki mbili akarudi mikono mitupu, uso umemshuka.

"Tumejitahidi, mama. Vyote tisa. Pole sana."

Mme Motlalepula alimtazama kwa upole wa mtu aliyepokea habari kama hizo miaka ishirini na sita, akamwita "bwana" kwa Kisotho.

"Asante, Ntate. Miili iko wapi?"

"Miili?"

"Marehemu."

"Matumbawe yakifa huyeyuka, mama. Hayaachi kitu."

"Na vigae?"

Phineas aliiweka sawa tai yake. "Tumevizika," alisema.

"Vizuri. Kuzika ni muhimu."

Mme Motlalepula aliinuka. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akafunga ofisi yake, akacheka kwa hasira. Katika kazi yake hakuna kifo kisicho na mwili. Kesho yake alirudi lile duka la Boksburg, akamuuliza mzee wa kaunta mambo aliyopaswa kuyauliza tangu mwanzo, akanunua dawa za kupimia maji, na kila asubuhi, kabla wafiwa hawajaingia, akawa anapima. Wiki zikapita. Sumu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Hapo ndipo alipompigia Phineas.

"Ntate, moyo unaniuma. Nilimwaga maji yote, nikasugua mawe kwa brashi na sabuni. Nataka kuanza upya."

Upande wa pili Phineas aliziba simu kwa kiganja ili furaha isisikike. Mawe kwa sabuni! Tangi jipya tena!

Alipofika aliikuta brashi iliyolowa mlangoni na ndoo za chumvi tupu zimepangwa ukutani. Hakuhitaji kuona zaidi.

"Ila sasa naogopa," Mme Motlalepula alisema. "Tuandikiane. Vikinyauka, nakulipa matibabu ya kila kimoja, mara tatu ya ile bei ya kwanza. Vikichanua wiki tatu, vinakuwa vyangu, badala ya wale marehemu tisa."

Phineas alijifanya anafikiri. Alitazama dari. Alikuna kidevu.

"Mama, kwa mteja mwingine nisingekubali."

"Najua."

"Ulitaka vingapi?"

"Wewe ndiye daktari. Unaweza kutibu vingapi?"

Swali hilo ndilo lililommaliza. Akapiga hesabu ya kila mgonjwa, akaenda Germiston, akaikomba gereji yake: vipandikizi thelathini na kimoja, na matumbawe mama yenyewe, makubwa kama vichwa vya kabichi, yaliyomlisha miaka mitatu. Akayapanga yote kwa mikono yake ndani ya tangi la mapokezi, akatia sahihi mkataba, akaenda zake akipiga mluzi.

Siku ya nne alipiga simu. "Vinaendeleaje, mama?"

"Vimetulia, Ntate. Vimetulia kabisa."

"Oo, pole. Nije?"

"Usije bado. Tunaomba faragha."

Phineas aliliheshimu ombi hilo. Kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyougua, na kadiri vinavyougua ndivyo anavyolipwa. Alingoja wiki zote tatu, akavaa koti jeupe, akabeba masanduku matupu sita, akaingia mapokezi.

Jumba lilikuwa limejaa. Familia nzima ilikuwa imekuja kumchukua babu yao, akina mama wamejitanda mablanketi, na wote, hata waliokuwa wakilia, walikuwa wamegeukia upande mmoja. Kule ndani ya kioo matumbawe yalikuwa yamechanua. Ya kijani yanapunga vidole, ya zambarau yametanuka kama sahani, na kwenye kona vigae vipya kama ishirini, kila kimoja na kichipukizi kilichokatwa juzi.

Phineas alishusha masanduku.

"Ulisema uliosha kwa sabuni," alinong'ona.

"Nilisema," Mme Motlalepula alijibu, naye akinong'ona, akimpa karatasi yenye sahihi yake. "Taratibu, Ntate. Kuna msiba."

"Niachie hata moja. Lile kubwa tu, mama. Sina kingine."

"Pole sana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kazini, laini, ya dhati kabisa. Akamwelekeza kwenye kiti, akaenda kuwapokea wabeba jeneza.

Phineas aliketi. Alitazama tangi, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yake aliliona koti jeupe, akayaona machozi, akamshika mkono.

"Mwanangu, marehemu alikuwa nani wako?"

"Yote yalikuwa yangu," Phineas alisema. "Yote, bibi."

Bibi hakuelewa, lakini alikuwa amezika watu wengi na alijua la kufanya. Akamkumbatia kwa blanketi lake, akainua sauti, akaanzisha wimbo, na jumba zima likaitikia.