Kulungu wa Mjomba Jiwe

Redio, mzee wetu wa kutusomea habari, hakungoja hata kahawa ipoe. Akalikung'uta gazeti, akavaa miwani, akakohoa kama mtangazaji.

"Jamani, tulieni! Makumbusho ya mjini wamefungua kabati jipya. Wameweka zile ncha za mishale za mawe, zile ndogondogo za mababu zetu. Sasa sikilizeni kibandiko walichobandika: 'Ncha hizi ni ndogo mno kumwua mnyama mkubwa. Matumizi yake hayajulikani. Huenda vilikuwa vitu vya kuchezea watoto.'"

Benchi zima la mgahawa wa Bi Ahniwake likageuka kumtazama Mjomba Jiwe.

Huyu ni kaka yake mama yangu. Jina la Jiwe alilipata kwa kushinda barazani akichonga mawe ya gumegume, mpaka siku hizi ukipika kwake lazima uchambue vipande kwenye maharage. Siku nyingine kibandiko kama kile kingemrusha juu ya meza. Asubuhi hiyo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, anatazama msitu ng'ambo ya kijito.

"Mjomba, unaumwa?" nikamwuliza.

"Siumwi, mwanangu. Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Kulungu afe."

Bi Ahniwake aliacha birika hewani. Mjomba akatoa mfukoni kipande cha mshale wa tete, nyuma kina manyoya ya bata mzinga, mbele kimevunjika, kimelowa damu. Akakilaza mezani taratibu.

"Saa kumi na mbili na nusu, pale kwenye mti wa mwaloni. Dume. Kipande cha mbele ameondoka nacho."

"Umempiga kwa ncha gani?" Redio akauliza.

Mjomba akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na ncha nyingine, pacha wa ile aliyoondoka nayo kulungu. Nikausogeza mkono wa mwanangu Saloli karibu nayo. Ilikuwa inazidi ukucha wake wa dole gumba kidogo tu.

Basi Duka akaangua kicheko mpaka kahawa ikamtoka puani.

Duka tunamwita hivyo kwa sababu akienda kuwinda anabeba duka zima: upinde wa puli, darubini, dawa ya kuua harufu, kiti chenye mto. Uso wake ulikuwa bado umepakwa rangi ya kijani. Huu ni msimu wake wa tatu na hajaleta hata mkia.

"Mzee wangu, hujamwua kulungu, umemchanja! Atakuwa anakushukuru huko aliko!"

"Cheka tu, kijana."

"Sasa nisicheke? Ncha zangu za chuma zina upana wa vidole viwili, zinafunguka kama mwavuli!"

"Na zimemfungukia nani?" akauliza Bi Ahniwake.

Benchi likalipuka. Duka akainua mikono.

"Bibi, usiniingilie, hii ni sayansi! Ncha ndogo, kidonda kidogo. Kidonda kidogo, mnyama anakwenda zake. Hapo alipo ameshavuka mpaka wa jimbo, yuko Arkansas anatafuta nyumba ya kupanga!"

"Sayansi gani hiyo?" Mjomba akaamka sasa. "Upinde wangu ni wa mti, hauna puli. Nikifunga jiwe pana kwenye mshale, linagonga ubavu linasimama. Hii ndogo inapenya katikati ya mbavu, inaingia mpaka kwenye pafu. Na makali yake... Redio, lete gazeti."

"Gazeti langu usi..."

Ameshachelewa. Mjomba alipitisha ile ncha mara moja tu, kama anafuta vumbi, na nusu ya gazeti ikadondoka chini.

"Ukurasa wa michezo!" Redio akalia. "Mzee, umeniulia ukurasa wa michezo!"

"Nao ni mnyama mkubwa," akasema Bi Ahniwake.

Nikaona nichangie. "Juzi nesi alimchoma Saloli chanjo. Kale kasindano ni kembamba kuliko unywele, lakini kelele zake mlizisikia mpaka hapa."

"Lakini hakufa!" Duka akadakia.

"Duka, funga duka," Bi Ahniwake akamwambia.

"Nasema ukweli! Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu cha kuwindia juu ya mti tangu giza mpaka saa mbili na nusu. Kibanda chenyewe kiko huko huko, mbele kidogo ya mwaloni. Hajapita kulungu, hajapita sungura, hajapita hata panya. Mzee anatupiga kamba. Hiyo ni damu ya kuku."

Nilidhani Mjomba atamrukia. Badala yake akakiweka kikombe chini.

"Ningefurahi iwe ya kuku," akasema. "Kabla sijaachia mshale nilimwomba kulungu radhi, kama nilivyofundishwa. Sasa kama nimemjeruhi tu, anatangatanga huko na maumivu, radhi yangu ni ya nini? Nisipomkuta, upinde nautundika ukutani na siugusi tena. Jumamosi mtoto anatimiza mwaka, mtakula soseji."

Mjomba ndiye aliyeniahidi nyama ya sherehe ile tangu Saloli yuko tumboni, na upinde ule aliuchonga mwaka aliofiwa na mkewe.

"Si umfuate basi!" nikasema.

"Ukimkimbilia anainuka na kukimbia zaidi. Anatakiwa alale kwa amani. Ndiyo maana niko hapa nawasikiliza wapuuzi."

Duka akajikuna rangi shavuni. "Haya. Tukimkuta amekufa, nambeba mimi. Mgongoni, peke yangu, mpaka kwenye benchi hili."

"Mashahidi tupo," Redio akasema, ameshika nusu gazeti.

Birika la pili lilipoisha, Bi Ahniwake akavua aproni. Tukavuka kijito wote, mimi na Saloli mgongoni. Chini ya mwaloni damu ilikuwa matone, machache kama mbegu. Duka akaguna. Hatua thelathini mbele, matone yakawa mengi. Kisha majani yote yakawa mekundu, yenye povu, na Mjomba akainama kuligusa povu.

"Ni pafu," akanong'ona.

Njia ya damu ikakata kushoto. Kadiri tulivyokwenda, Duka alizidi kubaki nyuma.

"Huko hakuna kitu," akasema. "Huko nakujua mimi."

Alikuwa anakujua kweli. Kulungu alikuwa amelala kwenye nyasi ndefu, macho yametulia, chini kabisa ya kibanda cha Duka. Na juu ya ubavu wake, karibu na tundu ambalo kidole changu cha mwisho kisingepita, kulikuwa na karatasi mbili za biskuti.

Tukatazama juu. Tukamtazama Duka.

"Ngazi yangu iko upande wa pili!" akasema haraka. "Halafu nilifumba macho kidogo tu, kuyapumzisha..."

Mjomba hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, kaweka kiganja shingoni mwa kulungu, anamwambia maneno yake polepole. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaninyooshea mikono nimpe Saloli. Saloli akamshika pua.

"Jumamosi utakula, mama," akamwambia.

Bi Ahniwake akaokota zile karatasi za biskuti, akamtia Duka mfukoni. "Haya. Mgongo."

Duka akainama, akatwikwa. Alipiga hatua ya kwanza, rangi ya kijani inamtiririka kwa jasho mpaka kwenye kola. Redio akavaa miwani, akainua ile nusu ya gazeti kama anaisoma.

"'Mwindaji huyu alipatikana juu ya mti,'" akasema. "'Matumizi yake hayajulikani. Huenda alikuwa kitu cha kuchezea watoto.'"