Machozi ya Ngege

Jumatatu, 14 Julai

Nitasema kabla pumzi haijaisha. Mimi, Motari, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa hapa Migori, ndimi sauti ya Ngege. Yule msichana wa katuni anayelia kila Jumapili jioni kwenye televisheni. Nimeificha siri hii miaka mingi. Kanisani wanaamini mimi ni Kamongo, kaka yake jasiri. Sikuwaambia hivyo. Niliwaacha tu waamini.

Kamongo ni Nyamusi, mama muuza samaki wa omena, mwenye sauti ya lori la miwa likipanda mlima. Tunarekodi nyuma ya duka la Suleman, mwenye katuni, katikati ya magodoro anayouza. Magodoro humeza mwangwi. Koo langu lilipougua, sauti ikabaki nyembamba kama uzi. Suleman akasema hiyo hiyo ndiyo anayoitaka kwa Ngege.

Leo amekuja mwandishi mpya kutoka Homa Bay, jina lake Dorah. Ametazama vipindi vyote, akauliza kwa upole kama Ngege ana kazi nyingine zaidi ya kulia. Kamongo anavuta nyavu, Ngege analia. Kamongo anapiga makasia, Ngege analia. Nyamusi akasema hata yeye amechoka kumwokoa huyu mtoto. Basi imeamuliwa: kipindi kijacho Ngege atashika usukani. Hatalia.

Mimi najua kulia. Usukani siujui. Daktari amesema nina miezi, hakusema mingapi. Sitakufa nikiwa nimefutwa kazi na mtu ambaye ningeweza kumfundisha insha.

Jumatano, 16 Julai

Mpango wa kwanza. Nimemwambia Dorah kwamba watoto hupenda machozi. Nikamwomba Suleman amwite binti yake Sumeya awe shahidi.

Suleman alisita. Akaeleza kwamba juzi shuleni wavulana walimnyang'anya Sumeya kiti. Badala ya kukidai, aliketi sakafuni akalia mpaka mwalimu akaja. Dorah akamwomba mtoto atuonyeshe alivyolia.

Akalia. Ilikuwa sauti yangu, inatoka kinywani mwa mtoto. Mtetemo ule ule. Kwikwi zile zile. Suleman akatazama magodoro yake.

Dorah akaniuliza: Mwalimu, unasikia nini hapo? Nikajibu kwa haki. Kwikwi ya mwisho ameiwahisha. Nikamwonyesha Sumeya namna ya kuishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Ana kipaji.

Dorah alitoka nje na hakurudi mpaka saa ya chai.

Ijumaa, 18 Julai

Mpango wa pili. Huu una akili. Nimemnong'onezea Ongeri, mzee mwenzangu wa kanisa, kwamba katuni yetu sasa itamweka msichana kuwa nahodha amwamrishe kaka yake. Ongeri akikasirika atampigia Suleman simu, Suleman ataogopa kupoteza wateja, machozi yatarudi. Mimi sitakuwepo katika habari hiyo.

Ongeri amekimezea mate cheo changu cha mzee kiongozi tangu achaguliwe. Aliniuliza, akikaribia kufurahi: kwani Kamongo si wewe? Utaamrishwa na kasichana, wewe Motari? Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Nilikitikisa vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Ongeri hakupiga simu. Alisimama mbele ya kanisa leo kwenye ibada ya Sabato.

Imepitishwa kwamba binti anayemwigiza Ngege atafutwe na ashauriwe, maana watoto wote wanamwiga. Watakaomshauri ni wawili. Ongeri, na mimi, kwa kuwa namfahamu. Akina mama walinishika mkono mlangoni. Wakasema zungumza naye vizuri, mzee, huenda hana wazazi.

Nilimwambia Ongeri kwamba binti huyo ana haya, hawezi wageni. Akasema ndiyo sababu anahitaji wazee. Jumatatu asubuhi, dukani kwa Suleman.

Jumatatu, 21 Julai

Nilitangulia. Nikamsihi Nyamusi aseme yeye ndiye Ngege. Alicheka kwa sauti ya Kamongo mpaka mteja mmoja akatoka dukani. Aliniambia, Mwalimu, mimi nikisema nalia, watu watakimbia.

Suleman akaanza kurekodi. Kwenye hadithi, mashua imechukuliwa na mawimbi ya ziwa huko Karungu, maji yanaingia. Hapo nikasikia viatu vya Ongeri nyuma ya ukuta wa magodoro. Nikinyamaza, nimepoteza kazi. Nikisema, nimepoteza kanisa. Nyamusi akanguruma kwamba tunazama. Dorah akaninyooshea kidole.

Nikasema: "Keti, Kamongo. Toa maji. Mimi naendesha."

Sauti haikutetemeka. Sijui ilitoka wapi. Nyamusi mwenyewe aliketi, na mashua ikafika ufukweni.

Godoro likasogezwa. Ongeri akasimama hapo na Biblia yake, akinitazama mimi, kisha maiki, kisha mimi. Aliuliza polepole kama ni mimi ndiye yule anayelia. Nikasema ndimi. Akauliza, miaka yote? Nikasema yote. Akaketi juu ya godoro la futi tano kwa sita lenye nailoni, likapiga kelele. Akasema itabidi awaambie wazee, na cheo changu hakitabaki. Halafu akaniomba nilie kidogo asikie.

Nililia. Ongeri akatoa leso. Dorah na Nyamusi wakamsindikiza hadi barabarani, Suleman akafuata na maji.

Sasa lililobaki, ambalo hata Dorah halijui, maana anamlaumu mwandishi aliyemtangulia. Yule hakuandika machozi hata siku moja. Alimpa Ngege maneno, tena marefu. Pumzi iliniishia katikati ya sentensi, nikalia kuficha, na Suleman akapiga makofi. Tangu hapo maneno yake yote niliyameza mimi.

Na leo, walipokuwa barabarani, mashua ikiwa imefika salama na mashine bado inarekodi, nimeweka kilio kimoja kidogo cha Ngege pale mwishoni mwa kipindi.