Majaribio Yote Kijani

Jumatatu, 5 Juni. Córdoba. Mwezi wa saba tangu nitoke kwetu Oruro, nchi ya jirani.

Aibu ya kufungulia wiki. Jaribio jekundu asubuhi! Nikasimama, nikamwita Nahuel mbele ya ofisi nzima, nikamwambia ameuharibu Mkasi tena.

Mkasi ndiyo programu yetu. Hauna dirisha wala picha za kubonyeza. Unauandikia amri moja, nao unakata na kubadilisha maandishi ya faili zima. Nahuel huurekebisha. Kila akimaliza kurekebisha, mimi huendesha skripti zangu, vijifaili vya amri za majaribio, kuona kama kilichofanya kazi jana bado kinafanya kazi leo. Skripti inaupa Mkasi faili, inachukua kilichotoka, inakilinganisha na faili la jibu. Vikifanana, kijani. Vikitofautiana, nyekundu. Kazi ya kukaa kitini, kwa mtu aliyeacha shule akiwa bado anahesabu kwa vidole.

Nahuel akaja na kibuyu chake cha mate, ile chai chungu ya huku, akatazama. Mkasi mzima! Kosa la skripti yangu. Jina la faili lilikuwa na nafasi mbili katikati, mimi sikulifungia alama za kunukuu. Skripti ikalikata vipande vitatu, ikaenda kutafuta mafaili matatu yasiyokuwepo duniani. “Fundi,” akasema kwa sauti, “kumbe hata jina la mtu unalipasua kama kigae!”

Wakacheka wote. Hata Injinia Graciela, mwenye ofisi, aliyenikuta nikiweka vigae chooni kwake akanipa kiti hiki.

Sheria ya hapa: anayesababisha nyekundu ya bure huleta mikate mitamu ya watu wote kesho yake.

Jumanne, 6 Juni.

Nimeleta mikate. Nahuel kachagua yote yenye jemu. Akauliza kama Oruro tuna waokaji au tunatafuna viazi vya kugandisha tu. Nikamjibu kwamba viazi vyetu vina adabu kuliko yeye. Kwa kweli jibu hilo lilinijia baadaye ndani ya basi, lakini naliandika hapa lisipotee.

Injinia akaniita pembeni. Alisema kwa upole. Alhamisi Mkasi mpya unakwenda kwa wateja. Vurugu zangu zikiendelea, atatafuta mtu mwingine, na mimi atanitafutia kazi ya kupiga plasta kwa shemeji yake. Mgongo ukaniuma palepale, kwa kusikia tu neno plasta.

Jumatano, 7 Juni.

Akili! Nimelala mjinga, nimeamka profesa!

Jaribio ni ugomvi wa watu wawili: kilichotoka na jibu. Kila siku tunaulazimisha Mkasi ukubaliane na jibu. Kwa nini jibu lisikubaliane na Mkasi? Nimeandika skripti yangu mwenyewe, fupi kama kidole gumba. Kila penye nyekundu, inachukua kilichotoka na kukinakili juu ya faili la jibu. Nimeiita Mpatanishi.

Asubuhi kulikuwa na nyekundu moja, kitu kuhusu mstari wa mwisho wa faili. Sikuisoma. Mpatanishi akapita. Kijani! Nikaendesha tena kwa raha zangu tu. Kijani tena! Injinia akanibusu shavuni, akasema alijua tu.

Alhamisi, 8 Juni.

Mkasi umeondoka. Injinia kawaambia wote wajifunze kwangu. Nahuel kazungusha kibuyu cha mate ofisi nzima, zamu yangu akairuka. Wivu. Nikamwambia akitaka nimfundishe umakini, mlango wangu uko wazi. (Sina mlango.) Akanitazama kama mtu anayesikia harufu ya gesi na hajui inavujia wapi.

Jumatatu, 12 Juni.

Sijui niandikeje.

Kuna gazeti dogo la mji wa milimani. Linatumia Mkasi kusafisha matangazo ya vifo kabla ya kuchapa. Sasa, Mkasi mpya ukikuta faili ambalo mwandishi wake hakushuka mstari baada ya neno la mwisho, unaumeza mstari huo wa mwisho. Na mstari wa mwisho wa tangazo la kifo ndio unaosema mazishi ni wapi na saa ngapi.

Leo kaja mjane aliyetoa tangazo moja, Doña Herminia Quinteros, kwa basi, gazeti kwapani. Mumewe alikuwa kinyozi. Vichwa vyote vya mji vilipita mikononi mwake. Makaburini walifika yeye, padri na wachimbaji. Watu waliposoma tangazo bila mahali wala saa, walidhani familia haitaki wageni, wakabaki makwao kwa heshima.

Hakupiga kelele. Alisema anaomba tu aelezwe, kwa maneno ya kawaida, mstari ule ulikwenda wapi. Injinia akamtazama Nahuel. Nahuel akatazama sakafu. Mimi nikasema ngoja nimletee mama maji, nikaenda jikoni, nikakaa huko mpaka alipoondoka. Maji nikayanywa mwenyewe.

Jumanne, 13 Juni.

Injinia kamwambia Nahuel akusanye vitu vyake. Nahuel akagoma. Akasema jaribio la kosa hilohilo lipo, aliliandika yeye mwenyewe mwaka jana, lazima lingekuwa jekundu. Akafungua faili la jibu. Jibu lenyewe halina mstari wa mwisho!

Akauliza polepole nani kabadilisha jibu. Nilikuwa tayari kusema virusi. Mdomo ulishafunguka. Nikaona picha ya binti yake juu ya meza, karibu na kibuyu. Kisha akasema ataangalia historia ya faili, maana kila anayeligusa huacha jina lake. Hapo nikakiri. Ningependa kuandika kwamba ni kwa sababu ya ile picha.

Nahuel akamsoma Mpatanishi. Akacheka mpaka akalia, halafu akaacha ghafla. “Yaani wewe, fundi mzima, umekuta ukuta umepinda, ukaenda ukapinda timazi?”

Injinia hakunifukuza. Alisema mjane anahitaji tangazo jipya, la misa ya siku ya tisa, na nitalisoma mimi, kwa macho yangu, mpaka nukta. Mafaili ya majibu kayafunga. Naweza kuyatazama, kuyagusa siwezi.

Jumapili, 18 Juni.

Nimekwenda kwenye misa. Kanisa lilijaa mpaka barazani. Nilikaa nyuma kabisa, kola juu.

Baada ya misa Doña Herminia akanipa empanada, sambusa ya huku. Hakunikumbuka, akaniuliza mimi ni ndugu wa upande gani. Nikasema natoka gazetini. Uongo, kanisani! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. “Mungu awabariki, mwanangu. Safari hii hamkusahau kitu.” Nikameza empanada bila kutafuna. Machozi nikayasingizia vitunguu.

Nimeapa. Sitagusa jibu tena maishani mwangu.

Ijumaa, 23 Juni.

Nyekundu asubuhi! Si moja! Na Mkasi uliorekebishwa unaondoka leo jioni.

Niliinuka nikamwite Nahuel, kama nilivyoagizwa. Lakini kosa likiwa la skripti zangu? Mikate tena, vicheko tena, halafu plasta. Nilimkuta anasimulia kitu, wenzake wameshika mbavu. Nikageuka, nikarudi kitini.

Nimejipima kwa haki. Kosa langu lilikuwa kugusa majibu. Sasa nimeelewa: majibu ni kitu kitakatifu. Injinia kafanya vizuri sana kuyafunga.

Skripti hakuzifunga.

Nimeongeza mistari miwili tu, juu kabisa ya kila moja: andika kijani, kisha toka. Hailinganishi chochote, kwa hiyo haimkosei mtu yeyote. Majibu hayajaguswa hata herufi. Na kasi! Majaribio yaliyokuwa yanakula nusu ya asubuhi sasa yanaisha kabla sijakaa vizuri. Injinia kaishangaa kasi hiyo mbele ya watu wote. Kasema nikiendelea hivi, mwisho wa mwaka ananifanya mkuu wa majaribio.

Mama yangu asiwe na wasiwasi. Nitarudi Oruro Desemba, kwa likizo, nimevaa shati la ofisini.

Au wiki ijayo, wateja wakianza kuutumia Mkasi.