Siku Mama Alipokubali Kupigwa Picha

Afadhali mlisikie kwangu kabla watu wa Ruiru hawajaliongezea chumvi: leo nimeaibika. Nimeaibika Thika mbele ya wateja, halafu nikaendesha baiskeli hadi nyumbani kuja kuaibika mara ya pili.

Mnajua nina kamera. Ile nyeusi ya sanduku, niliyouziwa na Bwana Lalji mwenye studio kule Thika baada ya yeye mwenyewe kuichoka. Mnajua pia kwamba sina kipaji. Filamu yangu ya kwanza ilitoa picha nane za mawingu. Ya pili ilikuwa na watu, lakini kuanzia shingoni kushuka. (Mke wangu Njeri alijitambua kwa leso aliyojifunga kiunoni.)

Bwana Lalji alizitazama zote bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi. "Wewe jicho hapana," akaniambia. "Lakini mkono iko. Jicho Mungu nagawa. Mkono nafundisha tu. Piga, piga, piga."

Nikapiga. Karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa hanunui filamu kila wiki, kwa hivyo nikawa nafanya mazoezi na kamera tupu. Miezi mitatu. Kila asubuhi kabla ya kazi napiga magunia: nashika sanduku tumboni, natazama chini kwenye kioo, nabana pumzi, nabonyeza, nazungusha kitufe. Wachumaji wakipita walinisalimia kwa upole, kama mtu aliyefiwa. Mkono ukatulia kabisa.

Sasa, Mama. Anaitwa Wangari. Binti yangu wa kwanza tumempa jina lake, kama desturi ilivyo kwetu, kwa hivyo tuna Wangari wa miaka sabini na Wangari wa miezi saba. Mama hajawahi kupigwa picha. Kila nikimwomba anasema uso wake haujapotea, anayetaka kuuona aje. Lakini mwaka huu amekohoa sana. Jumapili iliyopita, akiwa amempakata mtoto, akasema bila kuulizwa: "Siku moja huyu atauliza jina lake lilitoka kwa nani. Mtamwonyesha nini, kaburi? Lete hilo sanduku lako. Moja tu. Sitaki kuzoea."

Nawaambia ukweli, sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka picha hiyo. Jumatano nikaenda Thika kununua filamu mpya.

Leo asubuhi Mama alitoka na gauni la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na viatu vya Njeri ambavyo ni vidogo kwake. Nikaweka kiti uani, jua likimwangaza uso. Majirani wakaja kama walioitwa. (Hawakuitwa.)

"Inauma?" akauliza Mama.

"Haiumi."

"Basi mbona wewe unabana pumzi?"

Nikamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wangari mdogo akatulia mapajani. Kichwa kilikuwamo, miguu ilikuwamo, hata kiti. Nikabonyeza. Mkono haukutikisika hata kidogo.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

Akaniwekea mtoto mikononi, akaingia ndani haraka. Nikadhani ni machozi. Mimi mwenyewe yalikuwa karibu.

Zilizobaki saba niliwapa majirani, kwa ukarimu ambao sasa naujutia. Mzee wetu wa kanisa alipigwa mara mbili, ya pili akiwa na Biblia, kwa sababu ile ya kwanza hakuwa amejiandaa kiroho. Kisha nikapanda baiskeli.

Studio ilikuwa imejaa. Tangu siku nilipoifungua kamera juani na kuunguza filamu nzima, huwa nampa Bwana Lalji sanduku zima alifungue mwenyewe. Akaingia nalo kwenye chumba cha giza. Mimi nikakaa karibu na kijana mmoja na mchumba wake, waliokuja kupigwa picha ya kwanza. Kijana alikuwa anatetemeka. Nikamfundisha kupumua. Nikamwambia picha si bahati, ni mazoezi. (Nilisema kwa sauti. Mwanamke mmoja mlangoni aliitikia kwa kichwa.)

Kazi ya kusafisha filamu huchukua muda mrefu. Bwana Lalji alitoka kabla sijamaliza maneno yangu. Kamera ilikuwa wazi mkononi mwake.

"Hapa ndani iko ganda moja ya kahawa," akasema.

"Filamu imeharibika?"

"Hapana haribika. Hapana iko."

Wateja wote wakanigeukia.

"Jumatano mimi nauza wewe filamu," akaendelea, pole pole kama hakimu. "Iko wapi?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti. Filamu ilikuwamo, na karatasi yake, haijafunguliwa. Kamera ile ina kidirisha chekundu nyuma, ambapo nambari ya picha huonekana. Leo asubuhi nilikitazama mara nane. Kilikuwa kitupu mara zote nane. Lakini miezi mitatu nilikuwa nakiona kitupu, nikaona ndivyo kilivyo.

Yule kijana alikohoa. Mchumba wake akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Lakini mkono ilitulia?" akauliza Bwana Lalji.

"Ilitulia sana," nikajibu.

Njiani nilishuka kwenye baiskeli mara mbili, na hapakuwa na mlima. Moja tu, alisema. Sitaki kuzoea. Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe, miguu mitupu, viatu vya Njeri vimetupwa kando. Nikaona nisizunguke.

"Mama, picha haiko. Sikuweka filamu. Nimekupiga na sanduku tupu."

Akaacha maharagwe. "Kwa hivyo mimi simo?"

"Humo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama. Unisamehe."

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa kitambaa. "Mungu ni mwema," akasema. "Nilifumba macho. Uliposhika kile kidude nilifumba, nikafumba sana. Tangu asubuhi najiuliza nitakuambiaje, na vile ulivyohangaika."

Nikakaa chini kwenye kigoda.

Kesho tukitoka kanisani tunarudia. Filamu imo, nambari moja inaonekana kidirishani, na Njeri amethibitisha. Majirani bado hawajaambiwa. Na sasa ninapoandika haya, Mama yuko uani kwenye kile kiti, amemkodolea mbuzi macho, hapepesi. Atakayepita hapa jioni hii tafadhali asicheke, anafanya mazoezi.