Asante Kabla ya Moto

Jumatatu, 3 Novemba

Dada Lahja, salamu katika Bwana. Hujambo? Goti limepona, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo inatetemeka. Shajara hii ni ya siri, ila kurasa zake nitakutumia wewe peke yako, kwa kuwa tangu utoto hukuwahi kunisema kwa mama.

Ijumaa miezi yangu sita ya majaribio inakwisha. Ijumaa hii! Rauno, mkurugenzi wetu, ataniambia kama nabaki au naondoka. Kiwanda cha karatasi kilishafungwa, kozi ya kompyuta nimeimaliza kwa machozi, na umri ni hamsini na tatu. Mji mzima wa Oulu sioni mwingine wa kunichukua.

Kazi yangu unaijua. Mtu akiweka zamu ya sauna, kile chumba cha kuoga mvuke, kwenye jengo lao, kiprogramu changu kinaamka huko mbali, kwenye mashine za kukodi. Kinawasha jiko, kinaandika mistari yake kwenye kumbukumbu, kinakufa. Hakiachi kingine duniani ila ile mistari. Na kinaishi nusu dakika tu. Kikichelewa, kinakatwa hapo hapo.

Leo kimekatwa mara tano! Jiko la jengo la wazee kule bandarini ni zito kujibu. Mstari wa mwisho, ule wa "kazi imekamilika", haukuandikwa. Ubao mkubwa ukutani, ambao mwenzangu Henriikka ndiye msimamizi wake, ukawa mwekundu mbele ya watu wote. Na ofisini kwetu anayeufanya ubao uwe mwekundu huleta mikate ya iliki kwa wote. Nimeshaleta mara nne tangu Oktoba. Henriikka akaniuliza, eti mchungaji, kesho unaweka na zabibu? Ananiita mchungaji kwa sababu nasali kabla ya kula. Ana miaka ishirini na tisa!

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Nimeamka na wazo, nikashukuru kitandani kabla hata ya kutafuta ndara. Kama mstari wa mwisho unakatwa, basi uwe wa kwanza! Sasa kiprogramu kikifumbua macho tu kinaandika: Asante Bwana, sauna ina moto, kazi imekamilika. Ndipo kinakwenda kuwasha. Si uongo, Lahja. Mimi na wewe tumelelewa kushukuru kabla ya kupokea.

Ubao kijani kutwa. Rauno, ambaye wiki nzima husema maneno kumi, alisimama nyuma yangu akatumia mawili: kazi nzuri.

Henriikka hakufurahi. Alinisogelea na kikombe chake akasema mistari yangu ni barua za mapenzi, si kumbukumbu. Anataka kila mstari uwe na visanduku vyake: saa, jengo, namba ya ombi, hali. Eti viprogramu mia vikiandika kwa pamoja, nitajuaje asante ipi ni ya nani? Nikamwambia Mungu anajua. Akasema haya, mambo yakiharibika tutampigia Yeye simu.

Jumatano, 5 Novemba

Yameharibika. Simu ikaja kwangu.

Bibi Sylvi, miaka themanini na minane, jengo la wazee. Zamu yake ni saa kumi jioni. Kibao cha mlangoni kilisema "tayari". Kibao husoma mistari yangu! Akavua nguo, akapanda benchi la juu, akamwaga maji kwenye mawe. Hakuna mlio wa mvuke. Mawe baridi kama kaburi. Akakaa dakika arobaini akidhani ni masikio yake yamezidi kuziba. Akaniambia, wewe kijana, sauna naijua tangu nikiwa nabebwa, leo ndiyo mara ya kwanza natoka humo na mafua. Nikaomba radhi mara tatu. Akasema kesho anajaribu tena, saa kumi ile ile, na kwamba hana kesho nyingi za kuchezewa.

Nikafungua kumbukumbu kutafuta kilichotokea. Asante mia mbili na kumi na nne, zote sura moja. Ya Bibi Sylvi ni ipi? Jiko lipi liliwaka, lipi lilikataa? Hakuna ajuaye. Na ubao, kijani.

Nilikwenda kumwambia Rauno. Nikafika hadi mlangoni kwake. Nikaulizia stepla.

Mstari nikiurudisha mahali pake, ubao unakuwa mwekundu siku mbili kabla ya hukumu. Nisipourudisha, bibi wa watu anaganda. Nimepiga magoti chooni. Jibu limekuja upesi mno. Nina wasiwasi na aliyejibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Kama maandishi yanasema moto upo, niende nikauweke!

Nikaaga kwamba nina daktari wa meno. Nikapanda basi, mvua ya theluji, ufunguo wangu wa kazi mfukoni. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikawasha jiko kwa mkono wangu, nikajibanza kwenye ukumbi nyuma ya makoti. Saa kumi akaja Bibi Sylvi na kapu lake. Akafungua mlango, joto likampiga usoni. Akasema, kumbe mnaweza mkitaka. Nusura nilie ndani ya koti la mtu.

Narudi ofisini najiona shujaa. Ubao mwekundu! Henriikka amesimama mbele yake, mikono kifuani. Mistari ni yake, ya kufuatilia milango na majiko, yenye visanduku vyote. Saa tisa na dakika kumi na mbili, jengo la wazee, mlango wa nyuma umefunguliwa, ufunguo wa Oiva, yaani mimi. Saa tisa na dakika kumi na nne, jiko limewaka, namba ya ombi hakuna.

Akaniuliza kama jino limeng'oka salama.

Ijumaa, 7 Novemba

Ofisini kwa Rauno. Mimi, Henriikka, na mikate ya iliki niliyoleta, yenye zabibu. Nikakiri yote, hadi stepla. Rauno akala mkate mzima. Akachukua wa pili! Jasho lilinifika soksini.

Aliyenitetea ni Henriikka, huyo huyo. Akasema mzee huyu amepanda basi kwenye theluji kwa zamu moja ya bibi mmoja, afundishwe tu kuandika. Kisha akanigeukia: hali unaandika mwisho, mchungaji, moto ukishawaka, si kabla. Rudia. Nikarudia kama mtoto wa kipaimara.

Rauno akasema atanijibu Jumatatu, saa tatu. Siku tatu zaidi za kungoja!

Nimejifunza, Lahja. Hata shajara sasa naiweka kwenye visanduku. Na kwa kuwa naogopa Jumatatu nitabanwa na ukurasa ukatike, nauandika huo wa Jumatatu kabisa leo, nipate kuutuma na hizi.

Jumatatu, 10 Novemba

Saa: tatu asubuhi.
Jengo: ofisini kwetu.
Namba ya ombi: moja, lile unaloniombea.
Hali: imekamilika. Nimepata kazi ya kudumu. Asante Bwana.

Nimeshatangaza kwenye nyumba ya sala. Kahawa ya pongezi ni Jumapili. Tafadhali nijibu upesi.

Ndugu yako, Oiva