Gitare Haina Kinywa

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 12 mwezi wa sita

Kwako ndugu yangu Paulin. Jambo sana. Mimi dada yako niko muzima kidogo. Muyisa bwana yangu anakusalimia, mugongo ingali inamuluma juu ya kubeba mbao. Mama mukwe anakusalimia, meno imebakia mbili na zote mbili zinalalamika. Bénie wangu wa mwisho anakusalimia, ameanza kuvaa biatu byako, anaingizaka makaratasi mbele. Kuku ya madoa inakusalimia. Mama Shekinah wa jirani naye anakusalimia, lakini salamu yake usiipokee yote. Tamar binti yangu hapana anakusalimia. Tamar hapana anasalimia mutu.

Najua umekufa, Paulin. Mwenye alilia kushinda bote ni mimi. Mais ku masomo nilifikia mwaka wa tatu tu, na kitu nilifundishwa kuandika ni barua. Bila kusalimia mukono inakataa. Sasa Mama Kitsa, ule wa centre de santé mwenye anasikilizaka batu benye roho iliumia, aliniambia bitu mbili. Ya kwanza, niandike kila siku mambo ya mutoto. Ya pili, nisimusukume kusema. Ya kwanza nimeshaanza.

Donc niandike. Tangu mulikimbia bauaji kule shamba ya Mutwanga mwezi wa pili, Tamar akarudi na gitare yako ku mugongo, weye hapana kurudi, hajatoa neno hata moja. Anakula. Anachota maji. Anafua. Kisha anakamata gitare. Na ile miziki yenu pia haina maneno! Mu nyumba yangu kitu kinalia kutwa nzima na hakuna mwenye kusema kinalilia nini.

Batu banauliza hii ni miziki gani. Naeleza vile uliniambia kwako Beni, umeshika kaseti mbili, moja kila mukono. Ya kuume: bijana ba Uingereza, zamani, mbele sisi tuzaliwe. Suti na kravate, gitare ya umeme, hakuna mwenye kuimba. Kila sauti inasimama pahali yake, safi, na nyuma yake inarudi tena, sawa vile sauti inarudi ukiita mutu ngambo ya bonde. Ya kushoto: bijana ba Amerika ba kando ya bahari. Bale banapiga kama mukono inawaka moto, na sauti iko maji-maji, kama gitare imelala mu basini. Miziki ya batu benye banasimamaka juu ya ubao, mawimbi inababeba. Muyisa siku ile aliuliza ni ubao ya muti gani. Ulisema hujui. Alisikitika mpaka jioni. Ubao muzuri, kuitupa mu maji!

Nilikuuliza nani aliiba kwa mwenzake. Ulicheka. Ulisema hakuna mwizi, bote balisikilizaka bakubwa balebale ba Amerika, kisha kila mutu akapiga sawa na hewa ya kwao. Ni sawa Butembo yenu na Beni yangu, dada, ulisema. Baba moja. Ule wa Butembo anaamka mu ukungu, anafunga bifungo yote ya veste. Ule wa Beni anasikia joto, anatembea na singlet, anasema mbio.

Sasa Tamar anapiga ya Butembo tu, ile ya Uingereza. Ya Beni hapana hata kidogo. Nimefikiri sana, nimepata mayele: gitare ikipata maji, atapiga ya Beni. Akipiga ya Beni, atacheka. Akicheka, neno itatoka nyuma ya kicheko.

Niko na pipa ya maji yenye imekauka.


Siku ya pili, tarehe 13

Aksida, ndugu, ajali tupu.

Nililalaza pipa mu kiwanja, nikaingiza ampli ya gitare ndani kabisa, waya mpaka ku batri ya panneau ya jua. Tamar alitoka, akaangalia pipa, akaniangalia, akaketi. Akapiga sauti ya kwanza. Kuku ya madoa, yenye ilikuwa imefanya kiota mule ndani bila kuomba ruhusa, ikatoka kama bomu, ikapita juu ya kichwa ya mama mukwe. Haijarudi mpaka sasa.

Mais sauti, Paulin! Kubwa, yenye maji. Kama ile bahari yenye sijaona. Tamar akainua kichwa. Nikashika Bénie mukono, nikasema njo hii, neno inatoka. Akaanza. Ya Uingereza. Ileile ya ukungu. Na mu pipa ilikuwa huzuni mara mbili, ya kwanza na yenye inarudi.

Avenue yote ikakuja. Mama Shekinah akapenya wa kwanza, kitambaa ku kichwa, kuuliza kama tumefiwa tena. Kisha akasema mbele ya bote kwamba gitare bila kinywa ni fufu bila mboga, na kama ningemutuma Tamar ku chorale yake zamani, leo angekuwa anaimba kama mutoto wake Shekinah. Nikamujibu kwamba sauti ya Shekinah ni mboga bila chumvi. Akaenda. Furaha yangu ya leo ni ile tu.

Hapana. Iko ingine. Mama mukwe alisema ni mara ya kwanza kusikia kitu vizuri tangu Bénie azaliwe.


Siku ya tatu, tarehe 14

Mama Kitsa alipita. Akauliza kama mutoto anakula, kama analala. Akasikiliza gitare ku mulango bila kuingia. Akaniambia roho ni kama mufupa yenye ilivunjika, inajiunga yenyewe, ukiivuta itapindama. Aliniambia kwa upole sana. Nikasema ndiyo mama, wasingya, asante mama, nimesikia.

Nikamusindikiza mpaka ku barabara. Kule juu chukudu, ile baiskeli ya mbao yenye haina pedali, ilikuwa inashuka na magunia ya biazi, mwenyewe amesimama nyuma, shati inapiga upepo. Ubao! Mutu juu ya ubao! Mutelemuko kama wimbi! Mama Kitsa alikuwa angali anasema. Nikasema ndiyo mama.


Siku ya ine, tarehe 15

Naandika nimelala ubavu, juu kuketi hapana.

Fikiri vizuri weye mwenyewe. Bale ba bahari banasimama juu ya ubao. Bahari hatuna. Chukudu tuko nayo. Mutu akishuka juu ya chukudu atapiga kelele, na kelele ni mama ya maneno. Nikamuomba Ézéchiel, mwenye anashushaka biazi ya Alimbongo mpaka ku soko, atushushe sisi babili ku mutelemuko ya Kimemi. Akasema chukudu ni ya biazi, biazi hazilalamikaka. Akasema tena kwamba frein yake ya kuisimamisha ni kiatu yake, na kiatu imezeeka. Nikamuambia asiwe muoga, yeye mwanaume. Nikaketi mbele ili Tamar aone hakuna hatari. Tamar akapanda nyuma yangu, akanikamata kiuno. Hakukataa. Mutoto wa adabu.

Tukashuka.

Nilipiga kelele, Paulin. Niliita Yesu. Niliita Nyamuhanga, Mungu wa babu zetu. Niliita Muyisa, na jina ya Ézéchiel, na jina ya baba ya Ézéchiel yenye sikujua kama naijua. Nyuma yangu, kimya. Mikono tu ku kiuno, nguvu. Kiatu ya Ézéchiel ikaisha katikati ya mutelemuko. Tuliingia mu meza ya mama mumoja mwenye anauzisha poireau, ile kitunguu ya majani marefu, meza ikaingia mu mufereji.

Tamar akasimama wa kwanza. Akanivuta. Akaanza kunitoa poireau mu nywele, moja moja, bila haraka, na midomo yake ilivutika kidogo upande. Vumbi, nazani. Nikamupanguza na kitambaa ikapotea.

Mama Shekinah alikuwa ku soko. Unazania hakukuwa?

Muyisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama chukudu ilipasuka.


Siku ya tano, tarehe 16

Ville morte, muji yote imegoma. Maduka yote imefungwa, barabara nyeupe, hata pikipiki hapana. Batu banalilia bale benye baliuawa tena upande wa Beni. Nami nikalia kidogo, kisha nikaogopa: kesho ni levée de deuil yako, kufunga matanga, chorale yako ya Beni itapita wapi?

Mais mutu wa mayele hapana anaketi. Unajua kwetu, mbele ya kufunga matanga, mwenye alibakia na marehemu mwisho anasimama anaeleza kifo, bote basikie, kisha marehemu anapumuzika. Bazee balikata shauri kwamba yako batairuka. Juu mwenye anaijua ni Tamar peke yake. Nikaona ni muzuri vile wao bamejipumuzisha! Na weye je? Utabakia kusimama inje?

Nikapita nyuma ya viwanja mpaka kwa Lévi, katibu wa kanisa, mwenye anashika programu. Nilimubebea sahani ya maharagi. Nikamuambia aite Tamar, amupe mikro mukononi, mbele ya bote. Mutoto wa adabu hawezi kubakisha kanisa nzima bila jibu. Lévi akakuna shingo. Akauliza kama Mama Kitsa anakubali. Nikasema Mama Kitsa iko na furaha. Si uongo. Ule mama iko na furaha siku zote.

Alikula maharagi yote. Sahani imebakia kwake.


Siku ya posho, ya sita ya juma, tarehe 17

Chorale ya Beni ilifika asubuhi, mu pickup moja, bamevaa nyeusi, vumbi mpaka ku kope. Walipita. Nyamuhanga ni mukubwa.

Kanisa ilijaa. Baliimba, baliomba. Mama Shekinah aliongoza nyimbo tatu, mbili zilikuwa juu kupita sauti yake. Kisha Lévi akasimama, hakuniangalia, akaita Tamar binti Muyisa aeleze mwisho ya mujomba wake.

Bazee baligeuka. Muyisa alinikamata mukono, na kwa macho akaniuliza umefanya nini. Tamar akatembea mpaka mbele. Akapokea mikro. Mikro ikabeba pumzi yake mu baffle, mule sauti inatokeaka, kila mutu akasikia. Mimi nilianza kumusaidia na midomo yangu, kule nyuma: Mu-jom-ba. Mujomba wangu. Sema tu mujomba.

Aliweka mikro ku kiti, mbele ya ampli. Akavaa gitare yako.

Akaanza ile ya Uingereza. Polepole, safi, batu babili banatembea asubuhi mu ukungu, mu shamba, kila mutu na jembe yake. Mama mumoja wa Beni akasema taratibu, hii ni kule kwetu. Kisha sauti ikaanza kuingia maji. Wimbo ni uleule, Paulin, sikuizania kama inawezekana, wimbo uleule, lakini sasa unakimbia. Ile ya kaseti ya kushoto. Mbio, mbio, mukono yake siioni tena, sauti mbili zinakimbia pamoja, moja kubwa, moja ndogo nyuma. Bijana ba chorale yako bakasimama. Balijua. Mbio.

Ile kubwa ikakatika.

Hakuna kitu. Hata kurudi kwa sauti hapana. Tu ile ndogo ikabakia, ikaenda peke yake, ikaenda, polepole tena, mpaka ikafika mu ukungu.

Akaketi.

Mama Shekinah alikuwa chini, magoti ku simiti, kitambaa ku kinywa. Kisha kilio ikapanda kanisa nzima, ile kilio ya kweli yenye hatukuweza mwezi wa pili, juu hatukujua tunalilia nini. Muzee wa famille akasimama, akasema: imeelezwa. Mwacheni apumuzike.

Kila mutu akatoka inje kula. Mimi nilibakia ku benchi yangu. Nilikuwa ningali nangojea aanze.


Siku ya kwanza ya juma ingine, tarehe 19

Mama Kitsa alikuja mapema. Alisikia yote. Nilitayarisha masikio ya kugombezwa, akanikamata mikono yote miwili tu. Akauliza kama sasa nimeelewa. Nikasema nimeelewa kabisa, mama. Akarudilia: muache, atafika na mwendo yake. Nikasema na mwendo yake, mama.

Kisha nikaenda kwa Mama Shekinah, juu alikuwa anaeleza ku avenue kwamba ni yeye alilia wa kwanza. Si kweli. Tulibishana mpaka majivu ya jiko yake ikapoa. Nilikawia.

Nikirudi, nakuta Muyisa ameketi chini mu kiwanja, ubao imeanguka kando yake, hajaiokota. Muyisa, kuacha ubao chini! Mama mukwe analia na meno yake mbili. Bénie akanikimbilia na biatu byako.

Tamar alikuwa anamufundisha gitare. Bénie akakimbiza bidole, akaharibu, akakimbiza tena. Tamar akamushika mukono. Akasema: polepole.

Alisema! Bénie alisikia. Muyisa alisikia kutoka ku mulango. Mama mukwe, mwenye hasikii hata mvua, alisikia. Mimi njo sikusikia. Nikauliza sauti ilikuwa namna gani, kama mbele? Bénie akafikiri. Akasema ilikuwa na vumbi.

Tamar alikuwa ameshaenda kuchota maji. Nikaingia mu jikoni, nikalia mu moshi, ili wakisema nalia niseme ni moshi.

Nikapanguza macho. Nikafikiri vizuri. Kama Bénie mumoja, kuharibu mara mbili, amemutoa neno moja, je batoto kumi na tano? Nimezunguka avenue nzima. Kila mutoto mwenye iko na gitare ya bidon atakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi, bapange mustari ku dirisha yake, bapige bote pamoja, mbaya, na haraka. Ézéchiel atabeba ngoma ku chukudu. Kufika saa mbili mutoto atakuwa anatusomea Biblia. Muyisa amepiga magoti kuniomba nisifanye. Nikamuambia mbao tu njo anajua.

Ndugu yangu, karatasi inaisha. Weye ulimujua Tamar kunipita. Niambie ni wimbo gani wakiuharibu ataudhika zaidi, wa Uingereza ao wa bahari. Bénie anangojea kuanza kufundisha benzake. Nitumie jibu hata mu ndoto, lakini usikawie, Paulin. Mbio, mbio. Kesho si mbali.